Mwanafunzi wa sheria afundishwe kwanza kusoma hukumu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba usiikate sana, maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na saa hizi vyuo vinapokea wanafunzi wapya ndo wakati wake wa kulisema.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza. Ofisi yetu ni ndogo tu, vyumba viwili ghorofani, na kila mwaka ikifika Julai tunapokea wanafunzi wa fildi wawili au watatu kutoka vyuo mbalimbali. Nawapenda sana hawa vijana. Wanakuja shati limenyooshwa, daftari jipya mkononi, wana hamu ya kwenda mahakamani hata siku hiyohiyo ya kwanza, na wengi wao ndo wa kwanza kwenye ukoo wao kufika chuo, nyumbani wameshaanza kuwaita mwanasheria kabla hata hawajamaliza semista ya kwanza. Kwahiyo ninachoandika hapa siandiki kuwasema vibaya, naandika kwa sababu naona wanaachwa wahangaike peke yao kwenye kitu ambacho kingefundishwa wiki ya kwanza.

Agosti mwaka jana nilikuwa na mteja mwenye shauri la ardhi ya ukoo, dada yake ameuza shamba kwa mtu wa nje na yeye anataka kujua kama anaweza kumrudishia mnunuzi hela yake shamba likarudi nyumbani. Nikamwambia kijana mmoja wa fildi, amemaliza mwaka wa pili, mdogo wangu hebu nitafutie kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory tuanzie hapo. Hazikupita dakika tano akarudi, "Wakili nimeipata." Akanipa simu. Ilikuwa pidiefu iliyozunguka kwenye grupu lao la WhatsApp, yale madesa, notsi fupi za kukariri zinazorithishwa mwaka hadi mwaka, na kesi nzima ilikuwa imeandikwa mistari minne kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kurithi ardhi ya ukoo, ibara ya 13 ya Katiba, Mwalusanya J. Basi.

Nikamuuliza, shamba liliuzwa shilingi ngapi? Hajui. Mahakama ya mwanzo ilimpa nani ushindi? Hajui. Huyo Bernardo Ephrahim aliyekata rufaa Mahakama Kuu, mwisho wa siku aliondoka na nini? Akasema aliondoka bure wakili, si alishindwa.

Nikatoa nakala kabatini, nikampa penseli, tukakaa mezani. Mhariri ngoja nieleze tulichosoma maana hapa ndo penye hoja yangu. Holaria Pastory alikuwa ameshalirithi lile shamba kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Kwahiyo kilichogombaniwa hakikuwa yeye kurithi, kilikuwa kuuza. Aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa Gervazi Kaizilege ambaye siyo wa ukoo, na kesho yake tu, tarehe 25, Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilaya ya Muleba, kwamba shangazi yake hana uwezo wa kuuza kwa sababu mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke auze ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye, mauzo yakafutwa, mama akaambiwa arudishe hela. Mahakama ya wilaya Muleba ikapindua. Ndo Bernardo akapanda Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akazipima zile kanuni za mila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali, GN 436 ya 1963, kwa kutumia Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akasema wanawake na wanaume sasa wana haki sawa, mauzo ni halali. Lakini hakuishia hapo! Akampa Bernardo miezi sita kulikomboa shamba kwa kumlipa mnunuzi zile laki tatu, kama ambavyo mwanaume wa ukoo angeuza na ndugu wakataka kukomboa.

Yule kijana akanyamaza, akarudi nyuma kurasa mbili akasoma tena, alafu akasema taratibu, "Kumbe swali la mteja wetu limo humu humu." Ndiyo, limo humu. Kama angeishia kwenye ile mistari minne angekwenda kumwambia mteja kitu ambacho siyo, na mteja angeamini maana ameambiwa na mtu wa sheria. Sisemi kwamba kesi ya 1990 inamaliza kila kitu, baada yake zimekuja sheria nyingine za ardhi na hukumu nyingine na inabidi uzitafute zote, lakini huwezi kujua uendelee kutafuta nini kama hiyo ya kwanza hujaisoma. Ilituchukua saa mbili na nusu. Nikamuuliza mdogo wangu, tangu uanze chuo umesoma hukumu ngapi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka sahihi ya jaji? Akasema hii ndo ya kwanza.

Mwenzake nilipomuuliza akasema alishaanza moja, hakuifikisha mwisho.

Sasa watu wazima huwa tunakimbilia kusema vijana wa siku hizi wavivu. Mimi siamini. Yule kijana alikuwa na madaftari yamejaa, anapiga msuli mpaka usiku wa manane, anakukaririsha majina ya kesi thelathini bila kuangalia popote. Mtu mvivu hafanyi hivyo. Tatizo hajawahi kuonyeshwa, kwa mkono, na mtu aliyekaa pembeni yake, kwamba hukumu inasomwaje, sheria inatafutwaje, na unajuaje kwamba ulichokipata bado kinafanya kazi. Amepewa orodha ya kusoma ya kurasa nne siku ya kwanza, lekcha ya watu mia tatu, akaambiwa nendeni mkasome. Akasome vipi? Akaona wenzake waliomtangulia wana madesa na wamefaulu, naye akayashika.

Matokeo yake tuliyaona wote. Mwaka 2022 pale Shule ya Sheria kwa Vitendo, wanapopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikazungumza, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe, kila mtu akawa na wa kumlaumu, mara shule, mara vyuo, mara lugha. Sina uwezo wa kuamua nani alikosea na siyo nia yangu. Ninachojua ni kwamba wale wote walishakaa chuo miaka mitatu au minne kabla ya kufika pale, na mwanzo wao ndo huu ninaousema.

Mimi mwenyewe nilipitia. Nikiwa mwaka wa kwanza tulipewa asaimenti yenye kesi ya HCD, ile High Court Digest ya miaka ya sitini na sabini, imeandikwa mwaka kwenye mabano, HCD, alafu n. na namba. Nilikaa maktaba asubuhi mpaka jioni nikitafuta ukurasa wenye namba ile, ukurasa ninaoupata unahusu mambo mengine kabisa, nikaondoka na machozi nikiamini chuo siyo mahali pangu. Baadaye sana, mwaka mwingine kabisa, ndo mtu akaniambia ile n. siyo ukurasa, ni namba ya kesi ndani ya kitabu. Na kwamba HCD yenyewe ni muhtasari, siyo hukumu kamili. Maneno mawili tu! Yangenichukua dakika moja kuambiwa, na sikuambiwa kwa sababu kila mwalimu alidhani mwingine ameshasema.

Kuna vitu vingi vya namna hiyo vinavyodhaniwa mtu anavijua. Chukua kesi ya konokono, Donoghue dhidi ya Stevenson, hamna mwanafunzi wa sheria asiyeijua, mama amekunywa kinywaji kwenye mkahawa kule Paisley mwaka 1928 na ndani ya chupa kuna konokono ameoza. Waulize wanafunzi kumi, tisa watakwambia mahakama ilithibitisha kulikuwa na konokono. Haikuthibitisha. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, kwenye hukumu yake ya Mei 1932 ilijibu swali moja la kisheria tu, kwamba tuchukulie anachodai mama ni kweli, je mtengenezaji anawajibika kwake wakati hawana mkataba? Majaji watatu wakasema ndiyo, wawili wakakataa. Hakuna shahidi aliyesikilizwa kuhusu konokono, na baadaye pande zikamalizana zenyewe. Mtu anayesoma hukumu yenyewe analiona hili, na akishaliona amejifunza kutofautisha jambo linalodaiwa na jambo lililothibitishwa, ambayo ndo kazi yetu kila siku mahakamani. Alafu kuna swali la pili ambalo wachache wanauliza, hii kesi ya Waingereza inatufunga sisi kwa lipi? Sheria yetu ya Sura 358, ile inayosema mahakama zetu zitumie sheria zipi, imetaja tarehe ya kupokea sheria za Uingereza, 22 Julai 1920. Kesi ya konokono ni ya 1932, baada ya tarehe hiyo. Kwahiyo inashawishi mahakama zetu, haizifungi. Mwanafunzi akilielewa hilo mwaka wa kwanza, hataweka hukumu ya London juu ya hukumu ya Mahakama ya Rufani Tanzania kama ninavyoona kwenye kazi wanazoniletea.

Na hili la kujua kama sheria bado ni ileile ndo linanitia hofu zaidi, maana hapa anaumia mtu wa nje. Vijana wengi bado wanatembea na kopi za sheria toleo la 2002, zimetolewa fotokopi ya fotokopi kwenye steshenari za nje ya chuo, mpaka maandishi yamefifia. Wakati toleo la urekebu la 2023, yaani sheria zote zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, limeshazinduliwa, Aprili 2025, na limeanza kutumika Julai Mosi mwaka huohuo, na kuna vifungu vimebadilika namba. Unaandika kifungu kwa namba ya zamani, hakimu anafungua kitabu chake anakuta jambo lingine. Hata kitabu kikiwa kipya hakitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971, ukisoma kifungu cha 13 na cha 17 jinsi vilivyoandikwa, unaona binti anaweza kuolewa akiwa na miaka 15. Lakini Mahakama Kuu mwaka 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi ilishasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa. Sasa fikiria mzazi amekuja kwenye dawati la msaada wa kisheria la chuo, anauliza kuhusu binti yake, na aliyekaa mezani amesoma maandishi ya kifungu tu hajatafuta hukumu. Hiyo siyo habari ya alama za mtihani tena, ni mtoto wa mtu.

Wakati sisi tunasoma kulikuwa na kisingizio, hukumu zilikuwa kwenye makabati ya watu. Leo tovuti ya TanzLII ipo, ni bure, hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu unazipata kwenye simu, unachohitaji ni bando dogo. Ukiona kesi imeandikwa mwaka, alafu TZCA na namba, ujue ni ya Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Wakenya nao wana tovuti yao, Kenya Law. Mwanafunzi wa miaka ya tisini angelia kwa furaha. Ila kuwa na kisima siyo kujua kuteka, vijana wanaandika neno moja, labda ardhi, wanapata maelfu ya hukumu, wanafungua ya juu kabisa, wanaichukua hiyohiyo. Hawajafundishwa kukaa kwanza na karatasi na kuandika swali lao kwa sentensi moja, nani dhidi ya nani, kuhusu nini, wapi, sheria gani inaweza kugusa, alafu maneno yenyewe ambayo jaji angeyatumia, siyo maneno ya mtaani. Hawajafundishwa kuweka daftari la kutafuta, tarehe, nimetafuta nini, nimepata nini, nimeacha nini. Mimi bado naliweka, miaka yote hii, na limeniokoa mara nyingi.

Na sasa wameingia hao wa akili mnemba. Mwaka huu kuna binti aliniletea hoja imepangika vizuri mno, kesi tano, majina mazuri, miaka ipo. Nikamwambia nifungulie hizi kesi moja moja. Mbili hazikuwepo duniani. Alitetemeka, maskini, alikuwa hajui kama inawezekana. Nikamweleza habari ya mawakili wa New York, kesi ya Mata dhidi ya Avianca, Juni 2023 jaji aliwapiga faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Wale walikuwa mawakili wazoefu. Simkatazi mtu kutumia, itumie ikueleweshe jambo, ila jina la kesi lisiingie kwenye karatasi yako kama hujaifungua mwenyewe na kuisoma kwa macho yako.

Lugha nayo naomba niiguse. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, lakini darasani mambo yote Kiingereza, na hukumu nyingi anazotakiwa kusoma ni za Kiingereza kigumu cha sentensi mistari saba. Mwanafunzi anasoma aya, haielewi, anaona aibu kuuliza, anarudi kwenye desa. Mimi nikiwa nao nawaambia hivi, soma aya moja, funga, nieleze kwa Kiswahili kama unamweleza mama yako nyumbani. Nani mdai, nani mdaiwa, wanagombea nini, mahakama ya chini ilisema nini, mrufani analalamikia nini, jaji kaamua nini na kwa sababu gani. Ukishindwa kunieleza hujaelewa, rudi tena. Ile "kwa sababu gani" ndo wanayoiruka wote, wanajua nani alishinda hawajui kwanini. Na huyu huyu ndo atakayekaa na mteja ambaye Kiingereza hajui hata neno, kwahiyo mazoezi haya yanamjenga pande zote mbili.

Alafu waende mahakamani wakiwa bado wabichi, wasisubiri fildi. Mahakama ya mwanzo ipo karibu na kila chuo, mlango uko wazi, mashauri yanaendeshwa kwa Kiswahili. Kaa nyuma, zima simu, sikiliza shahidi mmoja tangu anaapa mpaka anashuka, andika alichosema, alafu jiulize kimethibitisha nini. Asubuhi moja ya namna hiyo inafundisha ushahidi kuliko nadhani wiki mbili za kukariri Sura ya 6, Sheria ya Ushahidi.

Kwahiyo ombi langu kwa wakuu wa shule na vitivo vya sheria, na vyuo vya cheti na diploma pia maana huko ndo wanatoka makarani na wasaidizi wa kisheria ambao wananchi wa kawaida wanawakuta kwanza, ni moja tu. Wiki nne za kwanza za mwaka wa kwanza, kabla hamjawajaza nadharia, wagaweni makundi ya watu kumi kumi, kila mwanafunzi apewe hukumu yake moja nzima na kifungu kimoja cha sheria, asome, aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake, akae mbele ya mtu amuulize maswali, na alama ziwepo. Najua mtasema walimu hawatoshi. Mawakili tupo. Chama chetu cha mawakili, TLS, kina wanachama mikoani, tuombeni, wengi tutakuja bila posho, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Waliopo mwaka wa tatu na wa nne nao wanaweza kusimamia kundi, na wao watajifunza zaidi kwa kuulizwa.

Na kwa wewe kijana unayeanza mwaka huu, usisubiri chuo kiamue. Ofisini kwetu Jumamosi tunafungua saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyeko Mwanza aje, achapishe hukumu moja, yoyote anayoitaka, na aje na penseli. Meza ipo na viti vinne. Namba yangu nimemwachia mhariri, atawapa mkimwomba.

Wakili wa kujitegemea,
Nyamagana, Mwanza